Kiwambo cha bure? Bure kwa nani?

Binamu yangu wa Handeni kaniamsha saa kumi alfajiri kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Kasikia Marekani wamefuta kodi ya viwambo vya sauti vya bunduki, vile vya kufunga mdomoni mwa mtutu kupunguza mlio, kwa hiyo nikija Desemba nimletee kimoja, "si bure siku hizi, kaka?" Nguruwe pori wanammalizia mahindi.

Si yeye tu. Tangu Januari 1, 2026, kila kundi la WhatsApp nililomo la Waswahili wa huku Texas lina mwanasheria wake wa kujitegemea anayetangaza kwamba viwambo ni bure. Kilichofutwa ni ile kodi ya dola 200, basi. Trump alitia saini mswada wa bajeti ulioifuta mnamo Julai 4, 2025, na wenye maduka hawakutia saini chochote: kiwambo cha maana cha raifo ya kuwindia bado kinakula dola mia saba, mia nane, hata elfu moja na ushei.

Na fomu ya kukisajili ipo palepale. Alama za vidole zipo, picha ipo, kusubiri ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, waseme ndiyo kupo. Nakiri kwa shingo upande kwamba siku hizi majibu yanaweza kutoka ndani ya siku chache. Mimi changu nilikingoja miezi tisa kamili, mke wangu akaniuliza kama nitakinyonyesha.

Waliotaka viwambo vitolewe kabisa kwenye sheria ya 1934, ile iliyoleta kodi na usajili huo, walikwama Seneti, wakaambiwa mswada wa bajeti haubebi mambo ya namna hiyo. Tukabaki na kioja. Mwaka 1937 Mahakama ya Juu iliipitisha sheria ile kwa hoja kwamba ni ya kodi. Sasa kodi ni sifuri, usajili umeegemea wapi? Watu wameshafungua kesi kuuliza hilo hilo. Mpaka majaji wajibu, kukaa na kiwambo kisichosajiliwa kunaweza kukupa miaka 10 gerezani.

Miaka kumi! Ndiyo maana neno "bure" linanipandisha presha. Juzi mzee mmoja tunayesali naye, dereva wa lori, mtu mpole kabisa, alinionyesha kwenye simu "kichujio cha mafuta" cha dola 40. Eti kijana kamwambia kinaingia kwenye bunduki na hakina usumbufu wa fomu. Nikamwambia, Mzee, gari gani hilo ambalo kichujio chake kinafungwa mdomoni mwa mtutu? Kwa sheria ya huku, kitu kilichotengenezwa kupunguza mlio wa bunduki ni kiwambo, hata wakikiandika birika. Kuna waliogongewa milango kwa vitu hivyo hivyo. Na asiye raia hukumu ya silaha inaweza kumrudisha nyumbani bila hata sanduku. Mzee wa watu kaja huku kusomesha wajukuu, aje apoteze yote kwa kopo la dola 40 aliloletewa na posta? Niliondoka pale nimekasirika mpaka nikasahau viatu vya mtoto.

Siwatetei wanaoona kifaa hiki ni cha wauaji tu. Hayo ni ya riwaya za upelelezi tulizopokezana sekondari, "pyu!" halafu mlinzi kalala. Raifo hupiga desibeli 160 na zaidi. Kiwambo hupunguza 20 hadi 35 hivi, na risasi ipitayo kasi ya sauti bado inapasua hewa kama mjeledi. Sikio langu la kushoto linalia nyenje usiku kucha kwa sababu ya misimu miwili ya kuwinda bila kinga. Ila katika mji wa Virginia Beach, 2019, watu 12 waliuawa na mtu aliyekuwa na kiwambo kwenye bastola. Waliofiwa pale siwezi kuwaletea habari za sikio langu.

Ukiamua kununua, anza na mtutu: una meno ya kufungia, na ni saizi gani? Kaliba, yaani unene wa risasi, ije pili. Ukikisajili kwa jina lako peke yako, usimwachie mkeo ukiwa safarini. Wanaotaka kutumia wote husajili kwa trasti, yaani mpango wa kisheria wa kumiliki mali kwa pamoja, na kila mmoja hutoa alama zake za vidole. Na kama unawaza kuhamia California, New York au Illinois, weka hela mfukoni, huko ni marufuku.

Binamu nimemjibu mchana. Kukitoa Marekani bila leseni ya kusafirisha nje ni jinai, na hapo bado hatujafika kwa polisi wa nyumbani. Nimemtumia hela ya mabati ya kuzungushia shamba. Kajibu kwa emoji moja tu, ile ya macho yanayotazama pembeni.