Taa ya kijani haitoshi: ifuatilie poti ukiwa kwenye kiti cha karani

Ofisi nyingi ninazozijua hapa Mombasa zinazoendesha programu zake kwenye seva ya pamoja zinafuatilia kitu kisicho sahihi. Zinatazama kama seva iko hewani na kama poti (mlango wenye namba ambao huduma ya kompyuta hupokelea mawasiliano) imefunguka, basi. Swali lenye uzito ni kama karani aliyeko Shimanzi anaweza sasa hivi kufungua programu ya uhasibu na kuchapisha ankara, na swali hilo haliulizwi na mtu mpaka karani mwenyewe apige simu kulalamika.

Niliweke wazi ninalozungumzia. Kwa mawakala wa forodha, hoteli na wauzaji wa jumla, programu haziwekwi tena kwenye kila kompyuta. Zinakaa kwenye seva moja au mbili, na wafanyakazi wa Moi Avenue, Changamwe na Nyali wanazitumia wakiwa mbali. Kinachosafiri ni picha ya skrini na vibonyezo vya kibodi. Wengine wanatumia Citrix, wengine Remote Desktop ya Microsoft. Mimi ni mtetezi wa mpango huu: kompyuta kuukuu inatosha, data haitawanyiki, na sasisho linawekwa mahali pamoja. Lakini ukikwama unakwama kwa wote, na kontena inayosubiri hati bandarini Kilindini haiachi kuhesabiwa ada za kuhifadhiwa kwa sababu seva yenu imegoma.

Sasa tazama safari ya kubofya ikoni moja tu kwenye Citrix. Ombi la karani linaingia StoreFront, ukurasa wenye orodha ya programu zake, kwa poti 443. StoreFront inaiuliza Delivery Controller, msimamizi anayechagua seva ya kumpa karani, kupitia huduma ya XML, ambayo huja ikiwa kwenye poti 80, na ambayo mafundi wengi huihamishia 8080 ili isigombanie nafasi na tovuti iliyo kwenye mashine hiyo hiyo. Controller nayo inazungumza na seva yenye programu kwa poti 80. Hapo ndipo karani anapoelekezwa kwenye seva yenyewe: kwa 2598 ikiwa kipengele cha kudumisha seshoni (muunganisho wa karani na programu) kimewashwa, kwa 1494 kikiwa kimezimwa. Nyuma ya yote hayo, seva ya leseni inaulizwa kwa 27000, kisha kwa 7279.

Hesabu mwenyewe ni mahali pangapi pa kukatikia. Halafu nenda kaangalie mfumo wa ufuatiliaji wa ofisi yako unapima nini. Mara nyingi utakuta ni ping (kuiuliza mashine tu kama iko hewani), pamoja na 1494, poti ambayo huenda hakuna karani anayeipitia, maana wote wanaingia kwa 2598.

Mfano unaonikera kuliko yote ni wa leseni. Poti 27000 inajulikana, imo kwenye kila mwongozo, kwa hiyo inafunguliwa kwenye faiawoli (kichujio kinachoruhusu au kuzuia mawasiliano) na kuwekewa kifuatiliaji. Ile ya 7279 inasahaulika. Controller inapiga 27000, inajibiwa, inaelekezwa kwa huduma ya pili ya seva hiyo ya leseni kwenye 7279, na huko inagonga ukuta. Kwenye skrini ya fundi kila kitu ni kijani. Tena hakuna anayelalamika, kwa sababu Citrix kwa desturi imekuwa ikitoa siku 30 za kuendelea na kazi pale mawasiliano na seva ya leseni yanapopotea. Onyo linaandikwa kwenye kumbukumbu za matukio ambazo hakuna anayezisoma. Siku hizo zikiisha, watu wanakataliwa kuingia asubuhi, na kila mtu anatafuta kilichobadilishwa jana, ilhali kilichobadilishwa ni kanuni ya faiawoli ya mwezi uliopita. Remote Desktop ina mtego wa aina hiyo: seva mpya hupewa siku 120 kabla haijadai leseni, na muda huo unatosha kabisa kwa aliyeifunga kuwa ameshahamia kazi nyingine.

Kupima kwamba poti imefunguka ni kama kupiga hodi ukasikia "karibu": umejua kuna mtu ndani, hujajua kama chakula kimepikwa. Kuna vipimo vilivyo bora kidogo, na havina gharama. Ukiigusa 1494 kwa telnet (amri ya kujaribu kuunganika na poti), seva iliyo hai hurudisha herufi ICA tena na tena. 2598 hurudisha CGP/01. Kifuatiliaji kinachongoja salamu hiyo kinajua kwamba huduma yenyewe ndiyo inayojibu, wala si mfumo endeshi ulioshikilia poti huku huduma imeganda. Lakini hata hapo mimi sitosheki. Kipimo ninachokiamini ni akaunti ya majaribio, yenye haki chache iwezekanavyo, inayoingia kila baada ya muda, inafungua programu moja, inapima sekunde zilizotumika, kisha inatoka. Ikishindwa, ndipo orodha ya poti inapokuwa na kazi, kuonyesha safari imekatikia wapi.

Halafu kuna UDP, njia ya kutuma data bila kungoja uthibitisho kwamba imefika, tofauti na TCP inayongoja; vifuatiliaji vingi haviigusi kabisa. Citrix ya siku hizi hupendelea kupitisha seshoni kwa UDP kwenye namba zile zile za 1494 na 2598, kwa kuwa inavumilia vizuri zaidi laini inayopoteza pakiti (vipande vya data). Remote Desktop nayo hutumia 3389 kwa TCP na UDP pia, na lango lake (seva inayowapokea walio nje ya ofisi) hutumia 443 kwa TCP na 3391 kwa UDP. Faiawoli ikizuia UDP, hakuna kinachozimika: seshoni inarudi kimya kimya kwenye TCP. Karani wa Changamwe aliye kwenye laini dhaifu anasema "inavuta", fundi anatazama skrini yake na kumjibu kwamba kila kitu kiko sawa. Wote wawili wanasema kweli, ila karani ndiye anayeumia. Nimewahi kuona mtu akipewa kompyuta mpya kabisa kwa tatizo la namna hii, na bado ikavuta.

Stima nayo ina sehemu yake. Umeme ukipotea na kurudi, mashine zote huwaka kwa pamoja, na ile inayohitaji nyingine inaweza kutangulia. Seva ya programu inaamka kabla ya seva inayosimamia watumiaji, Windows inashindwa kutambua kwamba iko kwenye mtandao wa ofisi, inajiweka kwenye profaili ya mtandao wa umma, na kanuni za faiawoli zilizoandikwa kwa ajili ya ofisi hazitumiki tena. Poti zinafungika bila mkono wa mtu. Dawa ni kupanga mpangilio wa kuwaka, na kuandika kanuni zile muhimu zikitaja anwani za matawi badala ya kuitegemea profaili peke yake. Pia kifuatiliaji kizungumze mara tu umeme unaporudi. Wakati wa Ramadhani, ambapo wengi huondoka ofisini mapema na kumalizia hati wakiwa nyumbani baada ya tarawehe, kifuatiliaji kilichopangwa kulala saa kumi na moja jioni kinalala wakati ambapo watu ndio kwanza wanaingia.

Hadi hapa nimezungumzia poti zinazofungika. Zilizoachwa wazi zinanitia hofu zaidi. Ofisi kuiacha 3389 ya Remote Desktop ikitazama intaneti nzima, ili bosi aingie akiwa safarini, ni uzembe, na sitatafuta neno laini kuliko hilo. Tarehe 14 Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka (sasisho la kuziba pengo la usalama) cha udhaifu uliokuja kuitwa BlueKeep, uliomwezesha mshambuliaji kuingia kupitia huduma hiyo bila nenosiri lolote kwenye Windows 7, Server 2008 R2 na matoleo ya nyuma yake. Uzito wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kampuni hiyo ilitoa kiraka hata cha Windows XP, ambayo ilikuwa imeshaacha kuihudumia.

Wapo wanaojibu kwamba wameihamisha huduma hiyo hadi namba nyingine ambayo hakuna atakayeikisia. Namba za poti zinaishia 65535. Tangu mwaka 2013 kumekuwa na ZMap, programu iliyoandikwa Chuo Kikuu cha Michigan, inayoweza kukagua poti moja kwenye anwani zote za intaneti za aina ya IPv4 duniani kwa chini ya dakika 45, mradi laini iwe ya gigabiti moja. Kubadilisha namba kunapunguza kelele kwenye kumbukumbu zako, na ulinzi wake unaishia hapo. Weka lango la 443 lenye uthibitisho wa hatua mbili, au VPN (njia ya siri ndani ya intaneti), na lango lenyewe uliwekee viraka bila kuchelewa, kwani nalo hushambuliwa: udhaifu wa lango la Citrix ulioitwa CitrixBleed, wa mwaka 2023, uliwaruhusu watu kuiba seshoni za waliokwisha kuingia. Seva hizi zimebeba namba za vitambulisho na PIN za KRA (mamlaka ya kodi) za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mdhibiti wa data, yaani ofisi inayoamua data itumikeje, saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data tangu ajue kwamba data imevuja kwa namna inayoweza kumdhuru mteja, na asiyefuatilia poti zake hana njia ya kueleza walioingia walipitia wapi.

Mkazi wa Mombasa anaweza kudhani kwamba suala la laini halimhusu, maana nyaya za chini ya bahari kama SEACOM, TEAMS na EASSy zinatua hapa hapa. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya nzima. Ofisi iliyokuwa na kifuatiliaji ndani ya jengo na kingine nje iliweza kujua mara moja kwamba seva ni nzima na tatizo liko njiani. Iliyotegemea kimoja ilibaki kuzima na kuwasha mashine zisizo na hatia.

Ninachowaomba wenye ofisi hakihitaji mradi mkubwa. Iwepo karatasi moja inayosema ni poti ipi, ya TCP au UDP, inatoka wapi kwenda wapi, ni ya huduma gani, na nani aliidai. Kila poti inayosikiliza kwenye seva (amri ya netstat -ano itakuonyesha na namba ya programu inayoishikilia) iwe na mstari wake kwenye karatasi hiyo, na isiyo na mstari ifungwe mpaka mwenyewe ajitokeze. Karatasi ibaki mikononi mwa ofisi. Mkataba na fundi wa nje ukiisha, yeye aende na karatasi ibaki.

Na kifuatiliaji kikae tawini. Kompyuta ndogo iliyokwisha kustaafishwa inatosha, ikiunganishwa kwenye swichi ile ile wanayotumia makarani, ikiingia kwa njia ile ile wanayoingilia wao. Kama fedha inatosha tawi moja tu kwa sasa, anzeni na lile ambalo simu zake za malalamiko mmeshazizoea.