Meno ya taya zima: skana imepunguza ugumu au imeuhamisha?

Kuna jaribio ambalo kila fundi wa meno hufundishwa mapema, na akilisahau litamgharimu. Unaiweka fremu ya meno juu ya vipandikizi (skrubu za titani zilizozamishwa kwenye mfupa wa taya), viwe vinne au sita, unakaza skrubu ndogo moja tu ya kuifungia, ya mwisho kabisa upande wa kushoto, halafu unainama kuangalia upande wa kulia. Ikiinuka, hata kwa unene wa unywele, kazi bado. Mwaka jana daktari mmoja aliniita kliniki tuijaribu pamoja fremu niliyomtengenezea. Kwenye skrini ilikuwa imelala vizuri kabisa. Kwenye modeli tuliyochapisha, vivyo hivyo. Mdomoni mwa mgonjwa, mama wa miaka sitini na ushei, skrubu ya kushoto ilipokazwa kulia kukatokea mstari mwembamba mweusi. Sikuhitaji kioo cha kukuzia.

Modeli ilikuwa imechapishwa kutoka skani ileile ya mdomo iliyotengenezewa fremu. Mtoto amefanana na mzazi, basi tukadhani wote wawili wanasema kweli.

Tangu hapo nimekuwa nikilipima upya swali ambalo mafundi na madaktari hulibishania kila wanapokutana: hizi skana za mdomoni, kamera ndogo zinazochora taya kwenye kompyuta, zilizokuja na ahadi ya kutupumzisha na plasta ya kumiminia modeli na sinia za kuchukulia vipimo mdomoni, zimepunguza ugumu wa kujenga taya zima la meno, au zimeupeleka mahali tusipouona?

Kazi yenyewe ni hivi. Mtu aliyepoteza meno yote ya taya, au aliyebakiwa na machache yanayocheza, huwekewa skrubu za titani ndani ya mfupa, kisha juu yake hufungwa daraja moja lenye meno yote, kumi na mawili au kumi na manne. Kitaalamu skrubu hizo zinaitwa vipandikizi. (Ukilitaja neno hilo mbele ya mgonjwa mwanamke kuna uwezekano mkubwa akafikiria njiti za uzazi wa mpango, ndiyo maana kliniki nyingi husema tu “skrubu za meno” na mambo yakaenda.) Msingi wake uliwekwa na Msweden Per-Ingvar Brånemark, aliyeona mwaka 1952 kwamba titani aliyoipachika kwenye mfupa wa sungura imeshikana nao na haitoki. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliwekewa mwaka 1965 na akazitumia skrubu hizo hadi mwisho wa maisha yake, zaidi ya miaka 40. Kwa hiyo mfupa kuishika skrubu si kitendawili tena. Kinachotutoa jasho ni kile kinachofungwa juu.

Jino la asili limeshikiliwa na nyuzi laini zinazoliruhusu kucheza kidogo ndani ya tundu lake, hadi mikroni 100 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kipandikizi hakina nyuzi hizo, hakisogei. Ukikifunga na wenzake watano kwa fremu isiyokaa sawa, ule mvutano lazima utoke mahali: skrubu italegea, au itakatika shingo, au zirkonia (kauri ngumu inayochongewa meno) itapasuka mgonjwa akiwa anakula chakula cha kawaida tu. Mfupa wenyewe huonekana kuvumilia kuliko vyuma. Brånemark alitaka mwachano usiozidi mikroni 10. Torsten Jemt, Msweden mwenzake, mwaka 1991 akasema 150 zinavumilika bila madhara ya muda mrefu. Unywele wa mtu una mikroni kama 70, kwa hiyo hata huyo mwenye huruma anatuachia nywele mbili tu.

Sasa wanaoitetea skana. Nawaelewa, na sitaki kuwafanyia dhihaka. Mgonjwa asiye na meno akijazwa sinia ya vipimo mdomoni hutapika, hulia, wengine husukuma mkono wa daktari. Kwa skana hilo halipo. Picha ya mdomo inalazwa juu ya picha ya CT (eksirei ya pande tatu) ya taya, na daktari anaona kabla ya kushika kisu jino litakaa wapi, mfupa ni mnene kiasi gani, neva ya taya la chini inapita wapi. Mgonjwa anayetoka Sumbawanga anapunguziwa safari. Faili linabaki: daraja likivunjika baada ya miaka mitatu, mashine inachonga jingine kutoka kumbukumbu zilezile. Enzi ya plasta, modeli ikidondoka sakafuni umeanza upya.

Tatizo ni namna skana inavyoona. Haipigi taya zima kwa mara moja. Inapiga vipande vidogo vidogo na kuviunga, kila kipande kikijishikiza kwenye alama za kilichotangulia. Waliokulia Pwani wameona mkeka unavyoshonwa kutoka ukili: kila mshono ukipinda kidogo tu, hakuna atakayegundua mwanzoni, lakini ukifika mwisho pembe hazikutani. Kwa jino moja au matatu, skana inafanya kazi safi, na anayebisha hilo leo ana lake. Kwa taya lisilo na meno, ambako kati ya kipandikizi na kipandikizi kuna ufizi tu, umelowa mate, unateleza, hauna kona wala alama ya kushikia, mshono unapinda. Na kosa kubwa huwa ncha kwa ncha, kutoka gego la kulia hadi la kushoto, hapohapo ambapo ile fremu yangu iliinuka.

Watu wa skana wanalijua hilo, na jibu lao ni kamera maalumu inayokaa nje ya mdomo na kusoma alama zilizofungwa juu ya vipandikizi vyote kwa pamoja. Inapima umbali bila kuunga vipande. Ni jibu la kweli. Lakini kamera hiyo haioni ufizi, kwa hiyo skana bado inahitajika na picha mbili lazima zioanishwe. Tena bei yake ni ya kliniki yenye wagonjwa wengi wa aina hiyo, si ya kliniki inayopata wawili kwa mwaka.

Upande wa plasta nao usijifanye malaika. Plasta hutanuka inapoganda. Resini, plastiki inayoganda, ya kuunganishia vishikio vinavyofungwa juu ya vipandikizi wakati wa kupima, husinyaa, ndiyo maana mafundi wa zamani waliikata kwa msumeno mwembamba kama karatasi, wakaiacha ipumzike, wakaiunga tena kwa tone dogo ili kinachosinyaa kiwe kidogo. Nimewaona wakifanya hivyo, na nimeona pia vijana waliofundishwa hatua hiyo wakiiruka kwa sababu ni saa kumi jioni na daktari anapiga simu. Mwenye mkono mzuri alipata fremu inayolala. Mwenye haraka alipata kama yangu, bila hata kuwa na skana ya kulaumu.

Msimamo wangu, kwa sasa, ni wa mtu aliyeungua. Skana itumike kupanga, kuchora na kutengeneza meno ya majaribio. Kabla ya kuchonga fremu ya mwisho, pengine hata kabla ya kuahidi tarehe, vipandikizi viunganishwe mdomoni kwa kipande cha plasta au resini kisichokunjika, kilichotengenezwa juu ya modeli. Kikikaa bila kupasuka, na jaribio la skrubu moja likipita, modeli inaaminika. Ni nusu saa ya ziada kwenye kiti. Daktari wa yule mama aliniuliza kwa nini hatukufanya hivyo mwanzo, na sikuwa na jibu zaidi ya kwamba skrini ilipendeza.

Hata hivyo, ubishi huu wa skana na plasta naona unatuchukulia muda mwingi kuliko unavyostahili, kwa sababu taya nyingi zilizoharibika hazikuharibiwa na mikroni. Zilipangwa kinyumenyume. Daktari ametazama mfupa ulipo, ameweka skrubu pale penye mfupa, kisha kanitumia mimi nitafute pa kuweka meno. Njia iliyo salama huanza na meno: yatakuwa wapi usoni, mdomo utayafunika vipi, kisha ndipo mtu aulize skrubu ikae wapi chini yake.

Nafasi, kwa mfano. Daraja la titani lenye meno ya akriliki (plastiki ngumu) na ufizi wa bandia linahitaji kama milimita 15 kutoka kwenye kipandikizi hadi jino la taya linalokabiliana nalo. Ukipewa kumi, akriliki itakuwa nyembamba na itavunjika, wala usimlaumu muuzaji wa unga wa akriliki. Mgonjwa aliyetoka kung'olewa meno mara nyingi hana hizo 15, mfupa wake bado ni mrefu. Hapo mpasuaji huupunguza. Anasaga mfupa mzima, usio na ugonjwa, ili mimi nipate nafasi. Wanaotetea wanasema, na wana hoja, kwamba bila hivyo mpaka kati ya ufizi wa kweli na wa bandia utaonekana kila mgonjwa akicheka, na daraja halitadumu. Wanaopinga wanasema mfupa uliosagwa haurudi, na kipandikizi kikishindwa baadaye mgonjwa ameachwa na taya la karatasi. Mimi natengeneza daraja, kwa hiyo milimita 15 zinanifaa. Bado napata ukakasi ninapopokea taya la mtu wa miaka 45 lililosagwa, na kung'olewa meno manne ambayo yangeweza kuokolewa.

Halafu kuna matamshi, ambayo vitabu vya Kiingereza huyapima kwa maneno ya Kiingereza. Sisi tunamwambia mgonjwa ahesabu: hamsini na tano, sitini na sita, sitini na saba. Kilichonifundisha zaidi ni maalimu mmoja wa madrasa. Alijaribishwa meno ya muda ya taya la juu, akahesabu vizuri kutoka hamsini hadi sabini, daktari akaridhika. Maalimu akatulia, akasema “thelathini”, akasema “dhahabu”, akatikisa kichwa. Th yake ilikuwa inatoka s, dh inatoka z. Ncha ya ulimi ilikuwa inagonga ufizi wa bandia nyuma ya meno, mnene kwa milimita moja na nusu zaidi. Kwa mfanyabiashara hilo lingepita. Kwake yeye, anayewasahihisha watoto herufi hizo asubuhi hadi adhuhuri, ilikuwa mkate wake. Tulipunguza akriliki mara mbili, akaenda nayo wiki tatu, akarudi akitabasamu. Kama tungekuwa tumeruka meno ya majaribio na kwenda moja kwa moja kwenye zirkonia, sijui ningemweleza nini.

Zirkonia nayo ina wapenzi wake, na sababu zipo: haibadiliki rangi, haisagiki ovyo, hainyonyi harufu ya chakula. Ila huchongwa ikiwa laini kama chaki na kubwa kupita kipimo, kisha huingia tanuri la nyuzi joto 1,500 hivi na kusinyaa kwa takriban moja ya tano. Daraja refu la umbo la kwato likisinyaa, lina nafasi ya kujikunja. Mzunguko wa taratibu huchukua saa nyingi, mara nyingi usiku kucha; umeme ukikatika saa saba usiku na jenereta ikachelewa, asubuhi unatoa kitu cha kutupa. Likipasuka mdomoni haliungiki. Akriliki husagika na jino hung'oka, lakini narudisha jino hilo mchana mmoja mgonjwa akisubiri nje na gazeti. Kwa mgonjwa anayeishi mbali na maabara, napendekeza titani na akriliki, na nimeshaitwa mshamba kwa hilo.

Linalobaki ni swali ambalo mgonjwa huwa haulizwi: je, lazima meno yasitoke? Mwaka 2002, wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walikubaliana kwamba kwa taya la chini lisilo na meno, chaguo la kwanza linapaswa kuwa meno ya kuvua yanayojibana juu ya vipandikizi viwili, kama vifungo vya koti. Mwaka uliofuata Paulo Maló wa Lisbon na wenzake wakachapisha matokeo ya njia inayojulikana kama All-on-4: skrubu nne, mbili za nyuma zikilazwa ili kukwepa neva, na mgonjwa anaondoka na meno yaliyofungwa haraka, mara nyingi siku hiyohiyo. Tangazo la “meno kwa siku moja” limetokana na hapo. Halisemi uongo, ila meno ya siku hiyo ni ya muda. Ya kudumu huja miezi kadhaa baadaye, mfupa ukishashika na ufizi ukishatulia. Daraja lisilotoka lina raha yake kubwa, sitaipunguza: mtu anasahau kwamba hana meno. Ya kuvua ni rahisi kusafisha, hujaza shavu lililobonyea, na mjukuu anaweza kumsaidia bibi kuyaosha mkono wake ukianza kutetemeka. Uso wa mtu wa miaka 50 na wa miaka 78 hauombi kitu kimoja.

Na kuna suala la nani atalifungua daraja hilo likisumbua. Miezi michache iliyopita alikuja mzee aliyetengenezewa taya zima nje ya nchi, kazi nzuri kwa macho. Skrubu moja ilikuwa imelegea, daraja likitoa mlio anapotafuna. Kazi ya dakika tano. Daktari alijaribu bisibisi saba, hakuna iliyoingia. Mzee hakuwa na kadi wala karatasi yenye jina la kampuni ya vipandikizi, na eksirei ilituonyesha umbo tu, tukabaki kubahatisha. Tuliandika barua pepe kwa kliniki ya huko, tukamwambia atafunie upande wa kushoto hadi watakapojibu.