Magazeti na kampeni za urais: upendeleo unaanzia wapi?

Agosti 2015, chama tawala CCM na Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, walizindua kampeni za urais kwenye viwanja vilevile vya Jangwani, Dar es Salaam, mmoja tarehe 23 na mwingine tarehe 29. Watu walifurika mara zote mbili. Mpiga picha akisimama juu ya jukwaa anapata bahari ya watu. Akisogea pembeni mapema, mgombea hajafika, anapata nyasi na viti vitupu. Picha zote mbili ni za kweli. Anayeamua ipi iende ukurasa wa mbele ni mhariri, na wapita njia wengi huishia hapohapo, wanasoma vichwa vya habari mbele ya meza ya muuza magazeti na kuendelea na safari.

Wanaolalamikia upendeleo wana hoja. Uhuru ni gazeti la CCM, HabariLeo ni la serikali, na Tanzania Daima lilihusishwa na familia ya Freeman Mbowe, mwenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema wakati huo.

Hata hivyo, gazeti la chama halimdanganyi mtu. Anayenunua Uhuru anajua ananunua nini. Wahariri nao hujitetea kwamba wingi wa habari si ushahidi: John Magufuli wa CCM na Edward Lowassa wa Ukawa walihutubia karibu kila siku, huku vyama vidogo vikikosa hata mafuta ya gari. Hilo nakubali, lakini nusu tu. Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo alikuwa mwanamke pekee kati ya wagombea wanane. Kuzijua sera zake ilikuwa haki ya mpiga kura, awe na helikopta au asiwe nayo. Magazeti yalikuwa na nafasi ya kuhesabu pushapu za Magufuli jukwaani na kubishana kuhusu "mafuriko" ya watu kwenye mikutano ya Lowassa.

Kwa HabariLeo sioni utetezi. Linaendeshwa na kampuni ya umma, na umma huo una wana-CCM, wapinzani na wasio na chama. Wote wana haki sawa kwenye kurasa zake.

Ila kinachonisumbua zaidi hakionekani gazetini. Chumba cha habari kisicho na fedha hakiwezi kumpeleka mwandishi Kigoma, kisha Mtwara, kwa miezi miwili. Basi anapanda gari la msafara wa mgombea, analala alikolipiwa na msafara, anapokea posho. Jioni anaandika mkutano ulikuwaje, akijua akiandika kwamba watu walikuwa wachache, kesho kiti chake kina mtu mwingine. Huyu hajanunuliwa na mwenye gazeti. Amebanwa na nauli.

Hapo ndipo ningeanzia. Chini ya kila habari ya namna hiyo, gazeti lichapishe mstari mmoja: mwandishi wetu amesafiri kwa gharama za kampeni ya mgombea huyu.