Miaka kumi ya Magomeni, wiki mbili za Bordeaux

Msimamishe mtu yeyote pale Kisutu, Dar es Salaam, umwonyeshe ghorofa la zamani lenye vibaraza vya zege, rangi imebabuka na mabomba yamepita nje ya ukuta kama mishipa, umuulize lifanywe nini. Jibu litakuja kabla hujamaliza swali: livunjwe, pasimame mnara. Anayesema lisivunjwe huwekwa kwenye moja ya makundi mawili. Ama ni mpenda makumbusho, ama ni mpangaji anayeogopa kodi mpya. Mimi ni mpangaji, kwa hiyo msomaji ayapunguzie uzito maneno yangu kadiri aonavyo. Makumbusho hayanihusu sana.

Hoja ya wasiotaka kubomoa imesimuliwa vibaya mjini hapa, na sehemu ya kosa ni ya wasimuliaji wenyewe. Wameitetea kwa urembo: milango ya kuchonga, matao, kumbukumbu za Mwarabu na Mjerumani. Boma la Kale, lililojengwa zama za Sultan Majid katika miaka ya 1860 kwa mawe ya matumbawe na chokaa, limekarabatiwa likawa kituo cha urithi wa usanifu, na ni jambo jema. Lakini ukimtolea mwenye kiwanja mfano wa Boma, anachosikia ni kwamba unataka jengo lake nalo liwe la kupigia picha. Yeye anataka fremu zinazolipa. Hoja nzito zaidi haina uhusiano na uzuri wala uzee, na walioieleza vizuri kuliko wengine ninaowajua ni wasanifu wawili wa Ufaransa, Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, waliopewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu duniani, mwaka 2021.

Kanuni yao ni fupi. Usibomoe kamwe, usiondoe, usiweke kipya mahali pa cha zamani. Ongeza, geuza, tumia tena. Ikisomwa Dar es Salaam inasikika kama anasa ya watu walioshiba majengo. Lakini haikuzaliwa kwenye shibe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Vassal alikuwa akiishi Niger, akifanya kazi ya mipango miji, na kitu cha kwanza walichojenga wawili hao kilikuwa kibanda cha matawi na nyasi huko Niamey, ambacho upepo ulikichukua kabla ya kutimiza miaka miwili. Walichobaki nacho ni tabia ya kuangalia kwanza kilichopo mkononi. Mwaka 1996 manispaa ya Bordeaux iliwataka wapendezeshe uwanja mdogo uitwao Léon Aucoc. Wakakaa, wakauangalia, wakazungumza na wanaoishi hapo, kisha wakashauri pasijengwe kitu: miti itunzwe, kokoto zibadilishwe, usafi ufanywe mara kwa mara, basi. Sijui mshauri gani hapa kwetu angethubutu kupeleka ripoti ya namna hiyo na ankara juu yake.

Kazi yao inayonisumbua mimi ni nyingine, mjini humohumo, mtaa wa Grand Parc. Ni maghorofa matatu yaliyojengwa miaka ya 1960, nyumba 530 za wapangaji wa kipato cha kawaida. Yalikuwa yamechakaa kiasi cha kufikiriwa kuvunjwa. Wakishirikiana na wasanifu wenzao Frédéric Druot na Christophe Hutin, waliegemeza mbele ya kila ghorofa muundo mpya wa zege unaosimama kwa miguu yake wenyewe, wakatoboa ukuta wa zamani palipokuwa na vidirisha, na kila nyumba ikapata kibaraza cha vioo chenye kina cha mita 3.8. Lifti na mabomba vikafanywa upya. Kazi ilipewa tuzo ya usanifu ya Ulaya, iitwayo Mies van der Rohe, mwaka 2019. Haya yote yanaweza kusomwa popote. Ninaloomba tulitazame kwa muda ni jambo moja dogo katika taarifa za mradi ule: kazi ndani ya kila nyumba ilichukua takriban wiki mbili, na wapangaji hawakuhama. Walilala vitandani mwao huku ukuta wa sebule ukifunguliwa. Kodi nayo haikupandishwa.

Wiki mbili. Sasa iweke kando ya Magomeni Kota.

Pale palikuwa na nyumba za zamani za chini, kaya 644. Wakazi waliondolewa mwanzoni mwa muongo uliopita, nyumba zikabomolewa, kisha pakabaki kiwanja na majani. Serikali ya awamu ya tano ndiyo iliyoufufua mradi, Wakala wa Majengo Tanzania ukajenga maghorofa, na Machi 2022 Rais Samia akayazindua. Ni majengo mazuri. Waliorudi walifurahi na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini fanya hesabu ya mtoto mmoja. Aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2012, mama yake akiwa amehamishia vyombo kwa ndugu, alikuwa kidato cha nne ghorofa linazinduliwa. Shule yake yote ya msingi na karibu yote ya sekondari imepita akiwa nje ya mtaa aliozaliwa. Mzee aliyeondoka ana miaka 65 alirudi ana 75, kama alirudi. Na kodi za Dar, kila mpangaji anajua, hazidaiwi mwezi kwa mwezi. Unadaiwa miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, na kila unapohama unaanza upya: dalali, kufunga umeme, fundi wa kufuli, duka la mkopo ambalo bado halikujui jina.

Duka la mkopo si mzaha. Mama anayeuza vitumbua barazani ana wateja kwa sababu ni wa hapo. Mwondoe kilomita kumi na mtaji wake umebaki nyuma, hata kama karai amelibeba. Katika makadirio ya mradi, mkadiriaji majenzi ataandika saruji, nondo, kokoto, mbao, gharama ya kuvunja na ya kusomba kifusi. Ile miaka ya watu haina safu kwenye karatasi yake. Mradi ukichelewa, mkandarasi anaweza kudai riba kwa malipo yaliyochelewa, benki inadai riba yake, na aliyehama anadai kwa nani? Ndiyo maana kubomoa huonekana nafuu: gharama kubwa kuliko zote inalipwa na mtu ambaye hakuhesabiwa.

Mtu ataniambia nimelinganisha visivyolingana, na kwa sehemu kubwa atakuwa sahihi. Ghorofa la zege la Bordeaux lilikuwa imara na refu tayari. Kota za Magomeni zilikuwa za chini, na huwezi kuegemeza kibaraza kwenye nyumba ya chini ukapata nyumba 644 bora pamoja na nafasi ya wengine. Jiji hili lilihesabiwa watu 4,364,541 mwaka 2012, na 5,383,728 mwaka 2022. Zaidi ya milioni moja wameongezeka katika miaka ileile kumi ya mtoto wetu, na lazima walale mahali. Wasipopandishwa juu katikati ya mji wataendelea kusambaa kuelekea Chanika na Bunju, wakiamka saa kumi usiku kuwahi kazini, na mabonde na mashamba yakimezwa njiani. Hoja hii siipuuzi. Hata chumvi ya bahari inaiunga mkono: hewa ya pwani hula nondo ndani ya zege, nondo zikivimba zinaupasua ukuta, na kuna maghorofa mjini ambayo mhandisi mwaminifu akiyagonga kwa nyundo atasema yaondolewe, na ataaminika.

Halafu kuna Kariakoo. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka na kuua watu zaidi ya 25, na ilielezwa kwamba chini yake palikuwa pakichimbwa ili kupanua eneo la biashara. Tangu siku hiyo, ukitamka neno ukarabati mbele ya mtu wa Dar unamwona akitazama juu. Ni woga wa haki. Ila tarehe 29 Machi 2013, mtaa wa Indira Gandhi, lililoanguka na kuua watu 36 lilikuwa jengo jipya kabisa, mirunda bado imesimama. Uzee haukuwa na kosa wala upya haukuwa kinga. Kote kuwili zege lilibebeshwa au kunyang'anywa kitu bila hesabu. Kule Grand Parc kibaraza kipya kina msingi wake na nguzo zake, hakimwegemei mzee. Kumwacha mzee apumzike na kumpa jirani mwenye nguvu ni uhandisi. Kuchimba chini ya miguu yake usiku ili upate fremu tatu hakuna jina la kistaarabu.

Wanaomnukuu Lacaton hapa kwetu nao wanahitaji kuonywa. Kibaraza kile cha vioo kilitengenezwa kwa ajili ya baridi: jua la majira ya baridi linaingia, joto linabaki, nyumba inatumia nishati kidogo. Kihamishie Upanga kama kilivyo utapata tanuri la mkate. Ninapopanga mimi, aliyenitangulia alikiziba kibaraza kwa alumini na vioo ili apate chumba cha watoto. Ghorofa lilichorwa na mtu aliyejua kusi inatoka wapi na kaskazi inatoka wapi. Madirisha yanatazamana, juu ya milango kuna matofali ya matundu. Vioo viliufunga mdomo wa nyumba. Mwezi Machi natumia kiyoyozi kurudisha hewa ambayo kusi na kaskazi zilikuwa zikiileta bure, na LUKU inakwisha kama maji kwenye pakacha. Ukitembea Samora ukainua macho utaona vibaraza vimezibwa hivyohivyo, ghorofa baada ya ghorofa, kila kimoja kikidondosha maji ya kiyoyozi kichwani mwa mpita njia. Minara mipya imeruka hatua hiyo: imezaliwa imezibwa.

Kwa hiyo kinachofaa kukopwa kule ni ile nafasi ya ziada isiyo na jina, isiyo sebule wala chumba, ambayo mtu anaitumia apendavyo. Na hiyo, jamani, tunayo. Nyumba ya Kiswahili ina korido katikati, vyumba kila upande, uani nyuma na baraza mbele, na tangu mwanzo ilijengwa ili ibadilike. Mtu alianza na vyumba viwili vya miti na udongo, makuti yakawa bati, udongo ukawa bloku, mtoto wa kiume akaongezewa chumba uani, na muda wote huo watu wanakaa ndani na chai inachemka. Ilala na Magomeni zilijengwa hivyo bila tuzo. Tulipoanza kuuita ujenzi maendeleo, tukaanza kuhamisha watu.

Tena hatujashindwa kila mahali. Soko la Kariakoo, lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lina paa la miavuli ya zege inayopitisha hewa na kukinga maji ya mvua. Liliungua Julai 10, 2021. Ilikuwa rahisi kulivunja, na katika hali ile nani angelalamika? Likakarabatiwa, na pembeni pakapandishwa soko jipya la ghorofa, kazi zote mbili kwa takriban shilingi bilioni 28. Lacaton na Vassal walifanya kitu kinachofanana nacho huko Dunkirk, Ufaransa, mwaka 2013, walipoambiwa waweke ghala la sanaa ndani ya karakana kubwa ya meli: wakaiacha karakana wazi na kujenga pacha wake ubavuni. Sisi tulifika hapohapo kwa njia ya moto. Nakiri kwamba ukarabati ule nao uliwatoa wafanyabiashara kwa miaka, wakatawanyika kwenye masoko mengine, na wapo wateja ambao hawakuwafuata. Kutobomoa peke yake hakumrudishi mtu mapema. Kazi inabidi ipangwe tangu mchoro wa kwanza kwa kuzingatia kwamba kuna mtu ndani.

Mtihani halisi uko kwenye maghorofa ya zamani yaliyo mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa katikati ya mji, mengi yakiwa yale yaliyotwaliwa na serikali mwaka 1971. Sera ya ubia inamkaribisha mwekezaji, na mwekezaji akija na mchoro wa mnara, sina ubishi kwamba baadhi ya viwanja vinastahili mnara. Ningetaka tu kila ghorofa lipimwe na mhandisi wa miundo kabla ya mchoro wowote. Lililo imara liulizwe kama linaweza kuongezwa nguzo ubavuni, vivuli na maji mapya, ngazi moja baada ya nyingine, wapangaji wakiwa ndani. Lisiloweza, livunjwe kwa mkataba unaosema wapangaji watarudi lini.

Kwenye uzio wa mabati wa kila ujenzi mjini hubandikwa kibao: mwenye mradi, msanifu, mhandisi, mkandarasi. Chini ya hapo panatosha mstari mmoja zaidi, wa idadi ya kaya zilizokuwa zikikaa hapo, zimepelekwa wapi, na zitarudi lini, kwa mwezi na mwaka.