Winchi Si Kuvuta Vijiti Tu

Ndugu yangu mmoja kaandika kwenye kundi letu la familia kwamba kijana wake "kaishia kuvuta vijiti vya winchi bandarini", na watu wakamwaga pole. Pole ya nini? Kuna aliyekufa?

Hao hao ndio wanaotutumia video za roketi kila wiki, moto na makofi. Hawajiulizi roketi ilisimamaje. Juni 2021, Florida, ndani ya lile jengo la NASA lenye kimo cha mita 160, walinyanyua kiwiliwili cha roketi ya Artemis I, ile ya safari ya mwezini, urefu wake mita 65 hivi. Kilikuwa kimelala. Kikasimamishwa wima kikiwa hewani, kikapandishwa, kisha kikashushwa katikati ya roketi mbili za pembeni zilizokwisha kusimama, zimeshiba fueli. Haya, gusa moja kwa kishindo uone!

Opereta yuko kibandani, juu kabisa. Anaongozwa na sauti za redioni: shusha kidogo, simama, ngoja. Winchi za pale husifiwa kwamba zinaweza kutua mzigo juu ya yai lisipasuke, na kila mwandishi analing'ang'ania yai hilo. Mimi yai halinishtui. Ninayemvulia kofia ni mtu mwingine, anayewekwa pembeni na kitufe cha kuzimia winchi mkononi mzigo ukiwa wa hatari. Kazi yake nzima ni kukaa tayari. Mambo yakienda vizuri, hagusi kitu hadi zamu inaisha. Kwetu huyo angepunguzwa kazi mwezi wa kwanza, kwa kosa la kutoonekana akitoka jasho.

Najua, kompyuta zipo, na vipimo vya uzito vipo. Sawa, vinasaidia.

Ila Septemba 2003, kiwandani Sunnyvale, California, timu yenye wahandisi na mkaguzi wake ilikuwa inailaza setelaiti ya hali ya hewa, NOAA-N Prime, kwenye kitoroli chake. Bolti 24 za kuishikilia zilikuwa zimefunguliwa na wengine, bila kuandikwa popote. Utaratibu ulisema zikaguliwe. Hazikukaguliwa, na makaratasi yakasainiwa. Setelaiti ikaporomoka hadi sakafuni. Kuikarabati kuligharimu dola milioni 135, ikaja kuruka Februari 2009. Na wala haikuhitajika kompyuta. Angetosha mtu mmoja wa kuinama na kupapasa matundu ya bolti kwa kidole.