Mwaka wa Wahandisi wa Antena Unastahili Kupimwa Mezani

Mwezi Januari 2024 nilikata kipande cha waya wa shaba chenye urefu wa sentimita 8.6, nikakisimamisha katikati ya vipande vingine vinne vilivyoinamishwa kuelekea chini, nikaviunganisha kwa risasi, nikawa nimepata antena ya robo wimbi kwa ajili ya vihisi vya kupima kina cha maji kwenye matangi, ambavyo hutumia masafa ya megahezi 868. Hesabu ilikuwa sahihi, kwa kuwa kasi ya mwanga ukiigawa kwa masafa hayo unapata wimbi lenye urefu wa sentimita 34.5 hivi, na robo yake ndiyo hiyo niliyoikata. Nilipoiunganisha na kifaa cha kupimia, kile kidogo cha kushika kiganjani, antena ikaonyesha kwamba inaitikia vizuri karibu na megahezi 830. Sikuwa nimelihesabu ganda la plastiki lililoufunika waya, ambalo hupunguza mwendo wa wimbi na kuifanya antena iwe kama ndefu kuliko inavyoonekana kwa rula. Nilipunguza milimita 4, na mstari kwenye skrini ukahamia mahali pake, ukashuka chini ya desibeli 10 hasi, yaani hata sehemu moja ya kumi ya nguvu haikuwa inarudi nyuma.

Ninaanza na waya huo kwa sababu ndio uliokuwa mezani kwangu mwaka mzima nilipokuwa nikifuatilia, kutoka Dar es Salaam, shughuli za Jumuiya ya Antena na Uenezi wa Mawimbi ya IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki, na za wenzao wa Ulaya. Mwaka 2024 ulikuwa mkubwa kwao. Jumuiya hiyo ilitimiza miaka 75 tangu ianzishwe mwaka 1949, na ilitokea kwamba mwaka huohuo ilitimia miaka 150 tangu Guglielmo Marconi, mmoja wa waasisi wa redio, azaliwe mjini Bologna. Mkutano mkuu, ambao kwa miaka mingi huandaliwa Amerika Kaskazini, ulifanyika Firenze, Italia, kuanzia tarehe 14 hadi 19 Julai. Kabla yake, mwezi Machi, wenzao wa Ulaya walikuwa wamekutana Glasgow, katika mfululizo wa mikutano ulioanzia Nice mwaka 2006. Na mwezi Novemba ikawa zamu ya Incheon, Korea Kusini.

Mtu wa nje akiitazama kalenda hiyo huona safari na kumbi. Aliye ndani huona tarehe za mwisho za kuwasilisha makala. Anayetaka kusimama mbele ya wenzake katika mkutano wa Ulaya majira ya kuchipua hutakiwa awe amewasilisha makala yake tangu Oktoba ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo mwaka wa mhandisi wa antena huanza wakati wengine wanafikiria kuufunga. Makala hayo husomwa na kuhakikiwa na wataalamu wanaofanya kazi hiyo bila malipo, usiku, baada ya kazi zao za mchana. Ninaiheshimu sana kazi hiyo. Bila wao tusingeweza kutofautisha antena iliyopimwa kwa uangalifu na picha ya rangirangi iliyotolewa na programu ya kompyuta.

Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba jumuiya ya namna hii isihesabu mwaka wake kwa idadi ya makala na wahudhuriaji peke yake. Kipimo ninachokitaka mimi ni hiki: ni vijana wangapi, katika mwaka huo, waliotengeneza antena kwa mikono yao, wakaipima, wakaona imekosea, wakaelewa kwa nini? Ndani ya ratiba ya mkutano mkuu kuna jambo moja linalokaribia kipimo hicho, nalo ni shindano la usanifu la wanafunzi, ambamo vikundi hupewa mada, vinavyofika fainali husaidiwa fedha za kutengenezea, kisha huja na kifaa chenyewe na kukiwasha mbele ya watu. Kwangu mimi saa hizo chache zina uzito kuliko hotuba yoyote ya ufunguzi, kwa sababu antena iliyowashwa mezani haina pa kujifichia.

Nilisikiliza mihadhara kadhaa ya mwaka huo kwa njia ya intaneti. Saa mbili usiku kwetu ni saa saba mchana New York wakati wa kiangazi chao, hivyo muda haukuwa tatizo. Mihadhara ilikuwa mizuri, na mmoja juu ya makosa ya upimaji ulinifundisha jambo ambalo nilikuwa nimeliona bila kulijua jina: kebo ya kupimia yenyewe huweza kugeuka sehemu ya antena. Usiku huohuo niliichukua antena yangu, nikaishika kebo kwa vidole na kusogeza mkono taratibu, na mstari wa kwenye skrini ukawa unatembea pamoja na mkono wangu. Kusikiliza peke yake kusingenipa somo hilo.

Mkutano wa Firenze ulinifanya niwaze pia juu ya Ngomeni, karibu na Malindi, ambako Waitalia wana kituo chao cha anga. Kutoka jukwaa lililokuwa baharini pale ndipo setilaiti ya Uhuru, ya kuchunguza miale ya X ya angani, iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya. Na darubini ya anga za juu ya James Webb iliporushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, tarehe 25 Desemba 2021, antena ya Malindi ilikuwa miongoni mwa zile za awali kabisa kuzipokea ishara zake. Kijana aliyekua akiliona dishi lile kila siku anastahili kujua kwa nini lina umbo la bakuli, kwa nini linageuka taratibu, na kwa nini likikosea kuelekezwa kwa pembe ndogo tu, ishara hupotea. Maarifa hayo hayako mbali na pwani yetu. Kinachokosekana ni mtu wa kuyafungua mbele yake, akiwa na dishi dogo na kipimio.

Njia ya kumpata mtu huyo ipo ndani ya jumuiya yenyewe, na ndilo jambo ninalotamani wahandisi wa kwetu walitilie maanani. Jumuiya huteua wahadhiri mashuhuri ambao matawi huweza kuwaalika, na gharama ya safari hubebwa na jumuiya. Kuunda tawi huhitaji wanachama 12. Nauli ya kwenda Ulaya, ada ya mkutano na viza ni mzigo ambao wengi wetu hatuuwezi, lakini watu 12 katika jiji moja tunaweza kuwapata: walimu wa vyuo, mafundi wa minara, wataalamu wa redio za jamii, watu wa bandari na viwanja vya ndege. Visiwa jirani vimekwisha kutuonyesha njia, kwani tangu mwaka 2012 kumekuwa na mikutano ya redio na antena ya Bahari ya Hindi iliyoanzia Mauritius, karibu na kwetu kuliko Glasgow.

Mhadhiri akija, ningependa apewe saa moja tu ya kuzungumza na siku nzima ya kukaa mezani. Aletewe antena zetu zilizokosea. Yangu ya sentimita 8.6 nitamletea, kwa sababu hadithi yake haikuishia kwenye milimita 4. Nilipoipandisha juu ya paa la bati, karibu kabisa na mabati, masafa yake yalihama tena, na ilinibidi kuiinua kwa bomba la plastiki kiasi cha nusu mita ndipo itulie.

Mwaka 2025 wenzetu walikutana Stockholm kuanzia mwisho wa Machi, kisha Ottawa mwezi Julai, nami ninaendelea kuwafuatilia kutoka hapa. Wakati huohuo nimeanza kuandika orodha ya wale wanaoshughulika na antena jijini na walio tayari kulipa ada ya uanachama. Nimepata tisa.