Gari la spoti lenye klachi bila pedali: je, lafaa Malindi?

Kila linapozungumziwa gari la spoti lenye gia za manuali zinazobadilishwa na kompyuta, kauli mbili hugongana. Wako wanaosema hiyo ni otomatiki mbovu: inatikisa abiria, inakula klachi, na ikigoma fundi wa karibu anabaki kukuna kichwa. Wengine wanasema ni manuali iliyoondolewa kero tu, raha yote iko palepale. Zote mbili zina ukweli wake, lakini kauli ya kwanza mara nyingi huilaumu mashine kwa kosa la mguu wa dereva. Gari hili linafaa Malindi kwa dereva mmoja aliyekubali kujifunza tabia zake. Likiendeshwa na kila mtu kama otomatiki, klachi haidumu, na hewa ya bahari inamalizia kilichobaki.

Ndani yake mna gia-boksi ya manuali kabisa, yenye meno yaleyale, sinkronaiza zilezile (pete zinazolinganisha mwendo wa meno kabla hayajaingiliana), na sahani moja kavu ya klachi. Kilichoongezwa ni pampu ya umeme inayosukuma mafuta kwa presha, ambayo katika mifumo ya Kiitaliano hukaribia bar 50, tufe linalohifadhi presha hiyo, vali za umeme, na kompyuta inayoamua klachi ikae wapi. Dereva anabaki na vibao viwili nyuma ya usukani: cha kulia kupandisha gia, cha kushoto kushusha. Mambo haya yalitoka mashindanoni. Ferrari iliyaingiza Formula 1 mwaka 1989, na dereva wake Nigel Mansell akashinda mbio za kwanza za gari lenye mfumo huo, nchini Brazil. Mwaka 1997 yakafika barabarani katika F355 F1. BMW walikuwa na mfumo wao wa SMG, Alfa Romeo wakawa na Selespeed, Toyota wakaweka SMT katika MR-S, kigari cha lita 1.8 chenye injini katikati.

Zisichanganywe na gia za klachi mbili, kama za Nissan GT-R ya 2007 au Ferrari 458. Huko gia inayofuata imeshajipanga kabla ya ile ya kwanza kuachwa. Hapa klachi ni moja. Sharti iachie, gia itoke, nyingine iingie, klachi ishike tena, na katika pengo hilo injini haisukumi magurudumu. Mtikisiko unaolalamikiwa huzaliwa hapo.

Na mtikisiko huo una dawa, ileile ya manuali. Ukivuta kibao cha kulia mguu ukiwa umelala kwenye pedali ya mafuta, kompyuta inakata nguvu ghafla, kichwa kinakwenda mbele, kisha nguvu inarudi na kichwa kinagonga kiti. Punguza mafuta kidogo kabla tu ya kuvuta, ngoja gia iingie, kisha kanyaga tena taratibu. Abiria hatajua gia imebadilika. Unapokimbia kwa nguvu mambo hugeuka: mifumo hii iliundwa kwa mwendo huo, na mguu waweza kubaki chini. BMW M3 ya kizazi cha E46 yenye SMG ya pili, ikiwekwa daraja lake la haraka zaidi, hubadilisha gia kwa takriban milisekunde 80. Ferrari F430 huchukua yapata 150. Ni kwenye mwendo wa pole ndipo dereva anapodaiwa ustadi, na pole ndiyo inayotawala ndani ya mji wa Malindi.

Kuondoka ndiko kunakoua klachi. Nyingi ya gari hizi hazisogei zenyewe ukiachia breki, kwa hiyo aliyezoea otomatiki hukanyaga mafuta kwa woga, kidogo kidogo. Kompyuta inaelewa kwamba anataka kutambaa, inaiweka klachi nusu, na sahani inabaki kusuguana na flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini. Namna sahihi ni kukanyaga breki, kuwasha, kuvuta gia ya kwanza, kuachia breki, halafu kukanyaga mafuta bila kusitasita mpaka klachi ishike yote, ndani ya urefu wa gari moja au mawili. Hapo waweza kupunguza.

Kwenye foleni ya Mtwapa usimfuate aliye mbele kila anaposogea hatua moja. Acha nafasi ifunguke gari mbili tatu, ondoka mara moja, simama. Ukisimama muda mrefu weka gia huru, rilizi beringi, ile inayoisukuma klachi iachie, ipumzike. Mlimani usilishike gari kwa mafuta. Lishike kwa breki au hendibreki. Kurudi nyuma ukipanda mteremko, mathalani kutoka kwenye geti lililo chini ya barabara, ndiyo kazi nzito kuliko zote, kwa sababu unarudi kwa mwendo wa kutambaa na klachi haipati nafasi ya kushika kikamilifu. Afadhali kuingia kinyumenyume ili kutoka iwe kwa gia ya kwanza.

Matuta nayo. Kati ya Malindi na Kilifi yamejaa kila penye kituo na shule. Anayefika kwenye tuta na gia ya pili, mwendo ukaanguka sana, kisha akakanyaga mafuta gurudumu likiwa juu ya tuta, anailazimisha kompyuta kuichezea klachi palepale. Shusha mwenyewe hadi ya kwanza kabla ya tuta, pita klachi ikiwa imeshika, na upandishe gia ukishatua. Mchanga haufai kabisa. Njia za kuingilia ufukweni zina mchanga laini, na gari likizama, kujikwamua kwa mafuta huichoma sahani kwa dakika chache tu. Ukisikia harufu ya klachi, zima injini, ngoja ipoe, tafuta kamba na watu wa kukuvuta.

Mizani inaelemea upande wa pili gari likitoka mjini. Barabara ya lami kwenda Sala Gate, mlango wa Tsavo East, ina mwendo mrefu ulionyooka baada ya Langobaya, na huko gari hili linaonyesha kwa nini liliundwa. Mikono yote miwili inabaki kwenye usukani, jambo zuri pale mbuzi anapokatiza. Ukifunga breki na kushusha gia, kompyuta yenyewe hupandisha mizunguko ya injini ilingane na gia mpya, kazi ambayo kwa manuali inahitaji kisigino na vidole vya mguu mmoja kufanya mambo mawili kwa pamoja. Na lipo moja ambalo wakosoaji hulisahau: kwenye manuali ukikosea ukaingiza ya pili badala ya ya nne katika mwendo mkali, injini inaweza kuvunjika vali. Hapa kompyuta inakataa tu. Kwa injini ghali hiyo ni kinga ya maana sana.

Hali ya otomatiki, kwa magari yaliyo nayo, ni bora kuiacha. Kompyuta haioni tuta wala tuktuk iliyo mbele, hivyo hupandisha gia wakati mbaya. MR-S haina hali hiyo kabisa. Hushusha gia unaposimama, lakini kupandisha ni juu yako, na hilo limewafundisha wenye nayo adabu nzuri.

Sasa haidroliki, yaani mfumo wa presha ya mafuta, pamoja na umeme wake, ambako Malindi ina matatizo yake mahsusi. Upepo wa kusi unaleta chumvi, na chumvi hutafuta viunganishi vya waya, soketi za sensa na miguu ya rilei. Sensa ya mahali pa klachi ikianza kutoa ishara za uongo, gia hukataa kuingia, taa ya gia inawaka, na fundi anashusha gia-boksi nzima kwa kosa la soketi yenye kutu. Safisha viunganishi kwa dawa ya kusafishia umeme kabla ya kufungua kitu kikubwa. Joto nalo huichosha betri: ikiwa imekaa usiku kucha inapaswa kuonyesha karibu volti 12.6; ikishuka chini ya 12.2, makosa ya gia yanayotokea asubuhi huenda yasiwe ya gia hata kidogo.

Tufe la presha lina gesi ya naitrojeni nyuma ya kiwambo. Gesi ikipungua, presha haikai, pampu inaitwa kila mara, na mwishowe inaungua. Kipimo chake hakihitaji mashine. Katika nyingi ya gari hizi, ukifungua mlango wa dereva utaisikia pampu ikinguruma sekunde chache kisha ikanyamaza. Washa ufunguo bila injini, kanyaga breki, ingiza na utoe gia mara kadhaa. Pampu ikiamka kwa kila gia, tufe limechoka. Tufe ni bei nafuu ukilinganisha na pampu, na wanaolipuuza hulipia vyote viwili. Mafuta ya mfumo huu yawe yaleyale yaliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Mafuta ya breki yakitiwa mahali yasipostahili huharibu mipira ya ndani.

Kasoro ambayo watetezi huipita haraka ni hii: klachi hushika yenyewe pasipo presha. Pampu ikifa gari likiwa ndani ya gia, magurudumu yamefungamana na injini na halisukumiki. Linahitaji lori la kulibeba, na ukiwa katikati ya njia ya Sala Gate hilo ni gharama na saa nyingi za kungoja. Klachi mpya nayo haitoshi kufungwa tu. Kompyuta lazima ifundishwe upya mahali sahani inapoanza kushika, kwa mashine inayosoma kompyuta ya gia, si ile ya kawaida inayosoma injini pekee. Kabla ya kununua gari, hakikisha ni nani Mombasa au Nairobi mwenye mashine hiyo, na umwombe asome kiwango cha klachi kilichobaki.

Kununua kwenyewe kuna mpaka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, na utengenezaji wa MR-S ulikoma 2007, kwa hiyo mnunuzi anategemea yaliyomo nchini na spea za kuagiza. Wengine hukata shauri kuligeuza kuwa manuali kamili. Inawezekana, hasa kwa M3, kwa kuwa gia-boksi yenyewe ni ileile: hufungwa pedali, silinda ya klachi na fimbo ya gia, kisha kompyuta ya injini inaandikwa upya isiitafute tena ile ya gia. Kwa gari ambalo pampu, tufe na vali vimekufa pamoja, ni uamuzi wa busara. Kwa lenye mfumo mzima na klachi nzuri ni hasara: unaondoa kinga ya injini na kubaki na sahani ileile, ambayo mguu uleule ulioiharibu mwanzo utaiharibu tena.